Ganzi Kabla ya Leza ya Makovu ya Chunusi: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa wa Mombasa

Malalamiko yanayonifikia kutoka Nyali, Likoni hadi Mtwapa yanafanana: "Nilipaka ganzi, nikalipa pesa yangu, na bado leza iliniunguza mpaka machozi yakanitoka." Swali linalofuata ni lile lile kila mara. Nipate wapi krimu kali zaidi?

Usitafute krimu kali zaidi. Mara nyingi krimu ilikuwa sawa, kasoro ikawa kwenye upakaji: imepakwa nyembamba kama losheni, haikufunikwa, imepakwa nyumbani saa nyingi kabla ya zamu, au ngozi haikusafishwa kwanza. Ukirekebisha mambo hayo, maumivu hushuka hadi kiwango cha kuvumilika. Ukikimbilia ukali, unaweza kuhatarisha moyo wako kwa sababu ya mashimo ya shavuni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Krimu ya ganzi yenye lignokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5, au ile ambayo daktari wako ameiandika. Iwe na lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kliniki nyingi wanayo yao. Uliza kabla ya kununua.
- Plastiki laini ya kufungia chakula, ikatwe vipande vidogo.
- Sabuni laini isiyo na manukato, na taulo safi.
- Vidonge vya parasetamoli.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.
- Saa au simu ya kuhesabia dakika.
- Barafu au pakiti ya baridi, na kitambaa cha kuifungia.
- Vaselini isiyo na harufu.
- Kofia pana au mwavuli, na mtandio wa pamba uliofuliwa.
- Mtu wa kukurudisha nyumbani.

## Hatua ya 1: Jua utapigwa leza gani

Uliza jina la mashine na namna inavyofanya kazi, kwa sababu maumivu hayalingani. Leza ya kaboni dayoksaidi hutoboa vitundu vidogo vidogo kwenye ngozi na kuichoma. Ndiyo inayouma zaidi, na mara nyingi krimu peke yake haiitoshi. Leza zinazopasha joto tabaka la ndani bila kutoboa juu, kama ile ya erbiamu ya nanomita 1550, huuma kama kuchomwachomwa na sindano za moto, lakini wengi huzimudu kwa krimu na hewa baridi.

Kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde kuna jambo jingine. Leza kali huweza kuacha mabaka meusi yanayodumu kwa miezi. Ndiyo maana daktari makini ataanza na mashine isiyotoboa au kwa nguvu ndogo, na atakujaribia kwanza sehemu ndogo karibu na sikio. Anayetaka kukupiga uso mzima siku ya kwanza bila jaribio, muulize sababu.

Hakikisha pia anayeshika mashine ana leseni. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa, na mtu yeyote anaweza kuipekua mtandaoni. Saluni yenye mashine nzuri na taa za rangi haigeuki kituo cha afya kwa ajili hiyo.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumtajia mwenzako jina la leza, nani ataishika, na atakuzuiaje maumivu.

## Hatua ya 2: Mweleze daktari habari za mwili wako

Hatua hii watu huiruka kwa sababu wanaona ni "krimu tu". Krimu ya ganzi hupita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Mwambie daktari, hata kama hakukuuliza, ukiwa na lolote kati ya haya:

- Ugonjwa wa moyo au mapigo yasiyo sawa, kifafa, au ugonjwa wa ini.
- Mzio wa ganzi yoyote, hata ile ya kung'olea jino.
- Mimba, au unanyonyesha.
- Historia ya vidonda vya homa mdomoni. Leza huweza kuviamsha vikasambaa uso mzima, na daktari anaweza kukuanzishia dawa ya virusi mapema.
- Vidonge vya chunusi vya isotretinoini, unavyomeza sasa au ulivyomeza miezi ya karibuni.

Halafu kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hapa naomba usome polepole. Ni hali ya kurithi ambayo si ngeni kwenye sehemu zenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Mwenye nayo huweza kuishi miaka mingi bila kujua. Prilokeini inaweza kubadilisha damu yake isibebe oksijeni inavyopaswa. Kama wewe au ndugu yako wa damu mliwahi kuambiwa msinywe primakwini, dawa ya malaria, au mlipata manjano ya macho na mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya dawa fulani, mwambie daktari achague ganzi isiyo na prilokeini.

Hatari kama hiyo huongezeka ukiwa unatumia dawa zenye salfa, kwa mfano Septrin, au ukiwa kwenye dapsoni, dawa ya ukoma na baadhi ya magonjwa ya ngozi. Anayemeza Septrin kila siku asione haya kuitaja, na ana haki ya kuitajia chumbani, si pale mapokezi mbele ya foleni.

## Hatua ya 3: Wiki mbili kabla, iache ngozi ipumzike

Acha mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hulainisha ngozi ikawa nyembamba, ganzi ikapenya kupita kiasi na leza ikaunguza kwa urahisi. Kama umeutumia kwa muda mrefu, sema ukweli, kwani daktari anaweza kuahirisha kwa miezi kadhaa na atakuwa amekutendea wema.

Singo, sukari ya kusugulia, ndimu na manjano pia vikae kando. Vinakwaruza au kuwasha ngozi, na ngozi yenye mikwaruzo hunyonya ganzi haraka kuliko kawaida. Bibi harusi anayetaka singo na leza mwezi mmoja achague kimoja.

Jikinge na jua. Ukiweza kuchagua msimu, Juni hadi Agosti ni afadhali kuliko Januari na Februari, maana hari na jasho la Mombasa vitakusumbua kabla na baada.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula. Mahamri na mbaazi, uji, chochote tumbo lako limezoea. Mwenye njaa na hofu huzirai upesi, na akizirai ni vigumu kujua kama ni njaa au ni ganzi iliyozidi. Kwa sababu hiyo usipange leza siku ya funga.

Saa moja kabla ya leza, mtu mzima mwenye ini zima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500. Usimeze aspirini wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu haya bila kumuuliza daktari, kwa kuwa zinaongeza kutoka damu. Lakini kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako.

Nenda na uso mtupu: bila poda, bila liwa, bila mafuta, bila wanja. Lenzi za macho ziache nyumbani.

Kwa anayeswali, zamu inayoanza mara baada ya Adhuhuri hukaa vizuri. Unapata muda wa kupaka, kusubiri na kupigwa leza kabla ya kuhitaji udhu wa Alasiri. Baada ya hapo uso utakuwa mbichi, kwa hiyo mapema muulize daktari ni lini maji yanaruhusiwa, kisha muulize sheikh wako kuhusu tayamamu.

## Hatua ya 5: Paka ganzi, na uipake kliniki

Huu ndio moyo wa kazi yote.

Usipake nyumbani. Anayetoka Likoni akapaka saa mbili asubuhi, akangoja feri, akapanda matatu, huwasili na krimu iliyoyeyuka kwa jasho shingoni. Tena joto hufungua mishipa ya ngozi, dawa ikaingia kwenye damu kwa wingi wakati hakuna muuguzi karibu. Paka ukiwa umeketi kwenye chumba chenye feni au hewa baridi, mbele ya mtu anayejua dalili za hatari.

Utaratibu ni huu:

1. Osha uso kwa sabuni laini, suuza, kausha kwa kupapasa. Mafuta na mabaki ya sanskrini (krimu ya kukinga jua) huizuia dawa kupenya. Usisugue.

2. Onyesheni eneo. Daktari aweke alama pale atakapopiga. Ganzi ipakwe pale tu. Kama makovu yako yako mashavuni, paji la uso halihitaji dawa.

3. Paka nene. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni karibu gramu 1 kwa kila sentimita 10 za mraba, yaani tabaka la unene wa milimita 1. Kwa hesabu hiyo tyubu ya gramu 5 inatosha eneo linalozidi kidogo tu kadi ya benki. Mashavu mawili huweza kula tyubu 2 hadi 3. Aliyegawanya tyubu moja uso mzima alipaka kivuli cha dawa. Krimu isisuguliwe ikaingia. Ikae juu, nyeupe, ngozi isionekane chini yake. Jumla ya gramu aiamue daktari kwa kuangalia uzito na afya yako.

4. Kaa mbali na macho. Acha nafasi ya upana wa kidole chini ya jicho. Krimu hii ni ya alkali na huweza kuumiza kioo cha jicho, na kwa kuwa inatia ganzi, hutahisi kinachoharibika. Ikiingia, suuza papo hapo kwa maji mengi safi na ufunge jicho mpaka hisia irudi. Vilevile isiguse ndani ya midomo wala puani.

5. Funika kwa vipande vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila shavu, ukikandamiza kingo. Plastiki huzuia krimu kukauka na kuisukuma ndani. Usizungushe plastiki uso mzima, wala usifunike pua na mdomo hata kidogo.

Onyo. Usiongeze krimu ya pili juu ya ya kwanza, wala usitumie krimu isiyo na lebo, eti ni ya "kliniki za ng'ambo". Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili vijana, wa miaka 22 na 25, kufariki. Walikuwa wamejipaka ganzi kali miguuni na kuifunga plastiki kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Mwaka 2024 mamlaka hiyo hiyo iliwaonya wauzaji wa krimu zisizohitaji cheti cha daktari ambazo lignokeini yake inazidi asilimia 4. Krimu za namna hiyo zinauzwa mitandaoni na kuletwa mpaka mlangoni.

## Hatua ya 6: Subiri, lakini subiri kwa macho

Tegesha simu. Kwenye mkono ganzi hii huhitaji angalau saa nzima. Usoni damu ni nyingi na ngozi hunyonya upesi, kwa hiyo nguvu yake kwenye mashavu na paji la uso hufika kileleni kati ya dakika 30 na 60. Kuiacha saa tatu hakukupi ganzi zaidi. Kunakuongezea dawa kwenye damu tu.

Ngozi kupauka au kuwa nyekundu chini ya krimu ni kawaida. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani sana, utahisi mwasho kidogo au joto.

Mwite muuguzi mara moja ukihisi:

- ganzi kuzunguka mdomo au ulimini mahali ambapo hukupakwa
- ladha ya chuma kinywani
- masikio kuvuma
- kizunguzungu, kuona maluweluwe, misuli kurukaruka
- moyo kwenda mbio au kusita
- kuishiwa pumzi, kichwa kuuma, midomo au kucha kuwa na rangi ya buluu au kijivu

Hiyo ya mwisho, kwa ngozi nyeusi angalia ndani ya mdomo, ufizi na chini ya kucha. Inaweza pia kuchelewa saa kadhaa, hata umeshafika nyumbani.

La kufanya ni kutoa plastiki, kufuta na kuosha krimu yote, kumlaza mgonjwa na kumpeleka hospitali yenye kitengo cha dharura. Nambari za dharura za taifa ni 999 na 112. Beba tyubu yenyewe ili daktari ajue alichopaka. Usimpe maziwa, na usingoje "ipite".

## Hatua ya 7: Ondoa yote, kisha pima ganzi

Krimu ifutwe kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa chenye maji, mpaka ngozi isiteleze. Mwale wa leza ya kaboni dayoksaidi humezwa na maji, na krimu ina maji. Mabaki yake yatakula nguvu ya mwale hapa na kuuacha mkali pale, ukapata alama zisizolingana. Kama ngozi imepanguswa kwa spiriti, ikauke kabisa kabla ya mwale wa kwanza kwa sababu spiriti inashika moto.

Sasa jaribu. Mwambie muuguzi aguse kwa ncha butu ya kijiti sehemu tano: shavu la juu, shavu la chini, karibu na sikio, ukingo wa taya, na juu ya mdomo kama pamepakwa.

Umefaulu ikiwa: unahisi kubonyezwa lakini huhisi kuchomwa. Ganzi haifuti kila hisia, na asiyejua hilo huogopa bure.

Hujafaulu ikiwa: sehemu moja bado kali. Sema kabla mashine haijawashwa. Daktari anaweza kubadili utaratibu, na kwa leza kali anaweza kudunga sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu chini ya jicho au kidevuni. Sindano hiyo hutia ganzi mdomo pia. Usinywe kahawa chungu wala kula mpaka hisia irudi, utajiunguza au kujing'ata bila kujua.

Leza ianze mara tu baada ya kufuta. Ukiona unaambiwa ukae kwenye benchi tena kwa sababu mtu mwingine yuko ndani, lalamika kwa adabu. Ganzi ya usoni haidumu.

## Hatua ya 8: Chini ya mashine

Vaa miwani ya kinga, na daktari avae yake. Pasipokuwa na miwani, ondoka.

Kubalianeni ishara ya kusimama, kwa mfano kuinua mkono wa kushoto. Usigeuze kichwa ghafla. Ombeni hewa baridi ielekezwe usoni wakati wote. Pumua kwa kutoa pumzi ndefu kila mwale unapopiga, maana kuzuia pumzi hukaza misuli na kuongeza uchungu. Harufu ya kuungua kwenye leza inayotoboa ni ya kawaida na isikushtue.

Taya, juu ya mdomo, pembeni mwa pua na karibu na sikio huuma kuliko katikati ya shavu. Mwombe daktari aanze na sehemu hizo ganzi ikiwa bado mbichi.

Mtajie maumivu kwa namba, kutoka 0 hadi 10. Nne au tano ni kawaida. Uchungu unaoruka ghafla hadi nane mahali pamoja, au ngozi kugeuka kijivu au nyeupe kama jivu, ni sababu ya kusimama papo hapo na kupoza. Maumivu ni taarifa anayoihitaji daktari. Anayekuambia "vumilia dada, uzuri hauji bure" anajinyima taarifa hiyo, na kovu la kuunguzwa litabaki usoni mwako.

## Hatua ya 9: Usiku wa kwanza na wiki ya kwanza

Ganzi ikiisha, uso huwaka kama uliopigwa na jua la ufukweni tangu asubuhi. Kwa leza isiyotoboa hutulia baada ya saa chache. Kwa inayotoboa huweza kufika siku ya pili.

Poza kwa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 kisha pumzisha. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Rudia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, si zaidi ya vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ukihesabu na vile vya asubuhi. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Usirudishe krimu ya ganzi. Ngozi sasa ina vitundu, na dawa itaingia bila kizuizi.

Paka vaselini nyembamba kama ulivyoelekezwa. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta ya nazi wala krimu ya steroidi uliyobakisha. Kaa mbali na jiko la makaa na kikaango kwa siku kadhaa, joto lake usoni linauma na linachochea mabaka. Bahari nayo ingoje mpaka ngozi ifunge.

Anayevaa ninja (nikabu) achague kitambaa chepesi cha pamba, akibadilishe kila siku na kisigandie kwenye majimaji. Ngozi ikishafunga, sanskrini kila asubuhi hata mawingu yakitanda. Ile yenye rangi ya ngozi hukinga pia mwanga unaochochea weusi.

Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakiongezeka siku ya pili au ya tatu, ukaona usaha, malengelenge yaliyokusanyika au ukapata homa, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 10: Andika kabla hujasahau

Makovu ya chunusi huhitaji zamu kadhaa, mara nyingi zikitenganishwa kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi. Siku ile ile andika kwenye simu: jina la krimu na gramu zake, dakika ilizokaa, leza na nguvu iliyotumika, namba ya maumivu kwa kila sehemu, na saa uchungu ulipotulia. Omba pia nakala ya kadi yako ya matibabu. Zamu ijayo mpe daktari maandishi hayo kabla tyubu haijafunguliwa.